Mchumba, Boifrendi na Sponsa: Msamiati wa Mapenzi Kitale na Bungoma

Vijana wa Kitale na Bungoma hulaumiwa kwamba wanapotamka "demu", "boifrendi" na "sponsa" wanaiharibu lugha. Lawama hiyo inachanganya mambo mawili. "Mchumba" hudokeza posa na mahari, yaani ahadi inayozihusu jamaa mbili. "Boifrendi" hutaja uhusiano ambao wazee hawajashirikishwa. Hapo mkopo umeziba pengo, kama "mahari" lenyewe lilivyokopwa kutoka Kiarabu. Wala haina nguvu hoja kwamba "mademu" humdunisha mwanamke kwa kumtia katika ngeli ya ma-: "madaktari" na "mabwana" wamo humo humo, na upatanisho hubaki wa viumbe hai, "mademu wale wamefika".

"Sponsa" ni kadhia nyingine. Kiswahili kina "mfadhili", tena kina "hawara". Neno geni limeteuliwa ili kuuvika ununuzi wa penzi joho la hisani. Linalostahili kuhakikiwa ni tafsida hiyo, si asili ya neno. Kwani "mpango wa kando", msemo uliokemewa hata katika kampeni za kupambana na UKIMWI nchini Kenya, ni Kiswahili kitupu, na huficha vile vile. Mtunga kamusi ayaingize maneno haya yote, ila asiifiche maana yake.