Jiliwa Linabana Sana, Lakini Je, Linashika Vizuri?

Watu huhakiki riwaya, filamu na simu mpya. Leo sisi tunahakiki jiliwa. Ndiyo, lile dude zito la chuma lililofungwa kwa boliti kwenye meza ya fundi, lina taya mbili na mpini wa kuzungusha. Karibu kila kitu cha chuma kinachotengenezwa kwa mkono, kuanzia funguo mpaka geti, kimewahi kupita kwenye taya zake, na bado hakuna anayeuliza kama kifaa hiki ni kizuri. Sifa yake imekuwa moja tu: "Hili linabana balaa." Mimi nadhani hapo ndipo tunapokosea, na kosa hilo linaharibu kazi za watu na kuwakata vidole.

Tuanze na haki yake. Kwenye kubana, jiliwa ni bingwa kweli. Hebu tupige hesabu. Chukua parafujo ambayo kila ikizunguka mara moja, taya inasogea milimita 5. Mpini una urefu wa milimita 200 kutoka katikati. Mkono wako ukimaliza mzunguko mmoja, umesafiri kama milimita 1,257. Gawanya kwa 5 upate 251. Maana yake, ukisukuma kwa nyutoni 100, sawa na kubeba ndoo ya lita 10 za maji, hesabu inakuahidi nyutoni 25,000 kwenye taya.

Ahadi hiyo haitimizwi yote. Msuguano kwenye parafujo unakula sehemu kubwa. Tuseme umebakiwa na moja ya tano, yaani nyutoni 5,000. Huo ni uzito wa mifuko kumi ya saruji ya kilo 50, na umeupata kwa mkono mmoja bila kutoka jasho.

Usiulaumu sana huo msuguano. Ndio huo huo unaolizuia jiliwa lisijifungue ukiachia mpini. Kwa parafujo ya aina hii kuna kanuni: ili isirudi nyuma yenyewe, lazima ufanisi wake uwe chini ya asilimia 50. Kwa hiyo kinachoonekana ni upotevu ndicho kinachokuwezesha kuachia mpini na kushika tupa kwa mikono miwili. Hapo aliyebuni jiliwa nampa alama zote.

Sasa tuje kwenye lawama.

Ya kwanza: kubana na kushika ni vitu viwili. Kitu chochote kinaweza kwenda njia sita: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, pamoja na kuzunguka kwa namna tatu. Kukishika ni kuzifunga zote sita. Wahandisi wana kanuni yao inayoitwa tatu-mbili-moja: nukta tatu chini ya kitu, mbili ubavuni, moja kwenye ncha. Kwa nini tatu chini? Muulize aliyewahi kupika kwa kuni. Mafiga ni matatu, na chungu hakiyumbi hata kama ardhi haiko sawa. Weka la nne, unakuta moja halifanyi kazi.

Pima jiliwa kwa kanuni hiyo. Taya zake bapa zinazuia kitu kwenda mbele na nyuma, pamoja na kuzunguka kwa namna mbili, basi. Njia zilizobaki zinazuiwa na msuguano tu. Chukua zile nyutoni 5,000, zidisha kwa msuguano wa 0.15 wa chuma kwa chuma chenye mafuta kidogo, halafu zidisha kwa mbili kwa sababu taya ni mbili. Unapata nyutoni 1,500. Ile mifuko kumi imebaki mitatu. Ndiyo maana kipande kinateleza chini ya nyundo, fundi anakaza tena, kinateleza tena, anachukua bomba refu auongeze mpini. Kipande kidogo cha chuma kikiwekwa chini yake kama egemeo kingemaliza ugomvi bila kuongeza hata nyutoni moja.

Lawama ya pili ni ya umbo. Parafujo iko chini, kitu unakibana juu. Ukikaza, taya inayosogea inataka kuinama kwa nyuma, na inaponyanyuka inanyanyua kazi yako. Vilevile ukibana kitu upande mmoja tu wa taya, upande wa pili unajikunja ndani. Dawa yake ni rahisi, weka kipande chenye unene ule ule upande wa pili. Majiliwa mazuri ya mashine yana uso wa mshazari ndani unaoivuta taya chini kadiri unavyokaza. Kwa hiyo udhaifu huu una tiba. Majiliwa mengi ya mezani hayana tiba hiyo.

Lawama ya tatu ndiyo nzito zaidi: jiliwa linaweza kukudanganya. Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua kipande kirefu cha sponji ya godoro, kibane kwenye ncha mbili mpaka kijikunje juu kama mgongo wa paka. Mwenzako akate kile kilele kwa kisu kikali mpaka kiwe bapa. Sasa achia. Pale palipokuwa bapa pamekuwa bonde.

Chuma kinafanya hivyo hivyo, ila kwa kiasi ambacho jicho halioni. Bamba jembamba likibanwa kingo linapinda juu, fundi analisawazisha kwa tupa, anapima, anaridhika. Akilitoa, limebonyea. Bomba jembamba likibanwa na taya tatu za mashine ya kukerezea, tundu lake litachongwa duara kamili likiwa bado kwenye taya, na likitoka litakuwa na pembe tatu za mviringo. Kipimo kilikuwa sahihi, isipokuwa kilichopimwa ni kitu kilichobanwa, na mteja hatakitumia kikiwa kimebanwa. Bushi ya namna hiyo ukiifunga kwenye pampu ya maji, inakula upande mmoja na kufa mapema, halafu lawama zinaenda kwa chuma kibovu.

Kwa kulinganisha, tazama koleo ya kujifunga ya William Petersen, mhunzi mzaliwa wa Denmark aliyehamia De Witt, Nebraska, Marekani, na kupata hataza zake miaka ya 1920. Unarekebisha ukubwa kwanza kwa skrubu ya nyuma, kisha unafunga. Ukifunga mara kumi kitu cha unene ule ule, unapata nguvu ile ile mara kumi. Kwenye jiliwa, nguvu inategemea fundi ameamkaje. Hata hivyo koleo hiyo ina meno yanayotafuna uso wa kazi, kwa hiyo siyo malaika.

Na vidole je? Hapo mkosaji ni jiliwa lisilokuwepo. Bati linatobolewa kwa drili ya kusimama huku limeshikwa kwa mkono, "ni tundu moja tu." Shida haiji mwanzo, inakuja mwisho, keekee inapotokeza upande wa pili na kunasa ukingo wa tundu. Bati linazunguka na mashine, kali kama panga. Ukikosa jiliwa la mashine, simamisha boliti imara kwenye meza ya drili, bati likizunguka ligonge boliti, lisifike kwenye mkono wako. Egemeo la boliti moja linashinda misuli yako yote.

Hukumu yangu basi: jiliwa ni mashine nzuri ya nguvu na mwalimu mbaya wa kushika. Linatuzoesha kwamba jibu la kila tatizo ni kukaza zaidi. Kabla hujagusa mpini, jiulize mambo matatu. Kifaa cha kukatia kitasukuma kazi kuelekea wapi? Huko kuna egemeo la chuma, au kuna msuguano tu? Na nikiachia, kazi itabaki na umbo hili? Ukiwa na majibu, utashangaa jinsi unavyohitaji kukaza kidogo.