Sura ya Rosa na Jicho la Jamii

Fasihi haizuki hewani. Huzaliwa katika jamii yenye migongano, na kazi ya mhakiki ni kuianika migongano hiyo. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku mashuleni kwa muda, imezoeleka kusomwa kama hadithi ya msichana aliyeharibika. Ushahidi unaotolewa ni mavazi yake, mapambo yake na mwili wake. Sisi tunadai kwamba sura ya Rosa imeandikwa na wengine, na riwaya inatuonyesha mikono iliyoiandika.

Tuanze na majina. Katika nyumba ya Zakaria, kisiwani Ukerewe, mama anaitwa Regina, yaani malkia. Binti mmoja ni Stella, yaani nyota. Na Rosa Mistika, waridi la fumbo, ni jina ambalo Wakatoliki humwitia Bikira Maria katika litania. Kwa majina, wanawake hawa wametukuzwa. Kwa vitendo, malkia anapigwa na mume mlevi, na waridi linacharazwa kwa sababu ya barua ya kijana Charles. Sifa iko mdomoni, kipigo kiko mwilini. Alama ya kwanza juu ya mwili wa Rosa ni ya fimbo ya baba.

Fimbo hiyo inamfuata Rosa shuleni Rosari, ambako anawaogopa wanaume, na inamfuata hadi Chuo cha Ualimu Morogoro, ambako woga unageuka kuwa kiu. Hapo anajipamba. Wanaume wenye vyeo, tangu Deogratias hadi mkuu wa chuo, wanalisoma pambo hilo kama tangazo la bei. Lakini nani amewahi kumhukumu Deogratias kwa suruali yake? Mwenye cheo na fedha hutazama; asiye navyo hutazamwa. Mwisho Charles anamkataa kwa kuwa si bikira, kama mnunuzi anayerudisha bidhaa iliyofunguliwa, na Rosa anajiua. Charles mwenyewe hakupimwa na yeyote.

Hapa inatupasa kujikosoa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia na dawa za kujichubua kuanzia Januari 1969. Nia ilikuwa kupinga utamaduni wa kibeberu. Lakini katika mitaa ya Dar es Salaam wanawake walizongwa na kushambuliwa kwa ajili ya nguo zao. Vita dhidi ya mabeberu viligeuka vita dhidi ya dada zetu. Wakati huohuo, Mwalimu alikuwa ameshakiri katika Ujamaa Vijijini, mwaka 1967, kwamba jamii yetu ya jadi ilimnyima mwanamke usawa. Kada anayepima ukombozi kwa urefu wa sketi anakaa benchi moja na Charles.

Riwaya yenyewe ina kasoro. Inampa Rosa haki ya kumshtaki baba yake mbele ya Mungu tu, baada ya kufa. Duniani haimwonyeshi mwenzake yeyote wa kupigana naye bega kwa bega. Said Ahmed Mohamed, katika Utengano ya mwaka 1980, alikwenda hatua mbele: Maimuna, aliyefungiwa ndani na baba yake, anapoteza uzuri wake lakini anabaki hai na kurudi. Hata hivyo, mlango wake wa kurudia bado ni ndoa.

Tunayaandika haya Kizota, Dodoma, penye ukumbi ambamo Chama kimefanya mikutano yake mikuu. Katika mkoa huuhuu, takwimu za kitaifa za 2015–16 zilionyesha kuwa karibu nusu ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ingawa sheria ilikwisha kukataza tendo hilo kwa wasichana walio chini ya miaka 18 tangu 1998. Huko nako jamii huandika juu ya mwili wa msichana, kwa wembe, kisha humwambia kuwa hiyo ndiyo heshima yake.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeisoma Rosa Mistika asiishie kuuliza Rosa alivaa nini. Aulize nani alishika fimbo, nani alishika fedha, na nani alishika wembe. Kada akishajibu, aende kwenye tawi lake akaanze kazi.