Tangazo la kazini limeandikiwa nani?

Hebu tulitazame tangazo la aina inayobandikwa viwandani: "Wafanyakazi ambao hawatakuwa wamevalia vifaa vya kujikinga hawataruhusiwa kuingia." Sarufi yake haina dosari. Hata hivyo, kwa mtu mzima mwenye ulemavu wa kiakili, ambaye kazi yenyewe anaimudu vizuri, sentensi hiyo ni ukuta.

Kwanza tutenganishe istilahi. Ulemavu wa kiakili si ugonjwa wa akili. Mwenye ulemavu huo huhitaji muda na msaada zaidi ili kujifunza na kuelewa. Hiyo haina maana kwamba hawezi kusoma.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali kuendeleza mbinu za mawasiliano zinazowafikia watu wenye ulemavu. Tukisikia hivyo tunakumbuka breli na lugha ya ishara, basi. Lugha nyepesi tunaisahau.

Mwaka 2009 shirika la Inclusion Europe lilitoa mwongozo wa maandishi mepesi: sentensi fupi, wazo moja kwa kila sentensi, herufi za ukubwa wa 14 au zaidi. Ni mwongozo mzuri, ila kwetu kuhesabu maneno hakutoshi. Kiswahili hubeba mzigo ndani ya kitenzi. "Hawataruhusiwa" ni neno moja, lakini limefungasha ukanushi, nafsi, wakati na kauli ya kutendwa. Wepesi wetu uanzie kwenye viambishi: "Vaa kofia ngumu. Vaa buti. Kisha ingia." Pembeni, picha ya kila kifaa.

Wapo watakaosema huko ni kuua Kiswahili sanifu, ati tunawafanya watu wazima watoto. Mbona "Vaa buti" ni Kiswahili sanifu pia? Kumfanya mtu mzima mtoto ni kumwachia mwenzake amsomee habari za mshahara wake, likizo yake na hatari inayomkabili.

Mwongozo huo una sharti jingine: wenye ulemavu wa kiakili washirikishwe katika uandishi. Hapa ndipo waajiri na wafasiri wetu wanapokwepa. Aghalabu tangazo hupitiwa na meneja, likapitiwa na afisa wa wafanyakazi, kisha likabandikwa. Asiyeulizwa kama ameelewa ni yule anayesimama karibu na mashine.