Spea Iliyofungwa Vyema Haichezi

Wengi wakiletewa mzigo wa spea hutazama boksi kwanza: ni jipya au kuukuu, utepe umezungushwa mara ngapi. Hicho ni kipimo dhaifu. Katoni kuukuu ya mafuta ya kupikia yaweza kuifikisha pampu ya dizeli salama salimini kutoka Shimoni hadi gereji ya Mombasa, na boksi jipya likaifikisha imekufa. Ya kupima ni mawili: je, kifaa chaweza kusogea humo ndani, na matundu yake yamezibwa? Libebe boksi kwa mikono miwili, uligeuze polepole pande zote. Likigonga ndani hata mara moja, kazi haijafanyika.

Patakuwa na wa kusema kwamba yote haya ni ya mizigo ya Dubai au Japani, kwani kutoka Shimoni hadi Likoni ni takriban kilomita 75 tu. Lakini umbali si hoja; hoja ni mikono mingapi itaushika mzigo. Bodaboda huupeleka hadi njia panda ya Kanana, matatu ya Lunga Lunga huupakia kwenye keria, utingo huushusha Likoni, unavuka feri, kisha mkokoteni au tuktuk huumalizia. Barabara ya Dongo Kundu humwokoa na feri mwenye gari lake, si mzigo uliokabidhiwa matatu. Katika mikono yote hiyo hakuna anayejali mshale uliochorwa ubavuni, basi mfungaji stadi hufunga akijua boksi litalala kila upande.

Kwenye pampu ya dizeli na nozeli, adui ni mchanga. Nafasi kati ya pistoni ya pampu na ala yake ni sehemu chache za elfu za milimita, kwa hiyo punje moja yatosha kukwaruza chuma na kupoteza presha. Ukikuta tundu limesokotewa kitambaa, jua mfungaji hakuielewa kazi, maana nyuzi zake huingia ndani. Kizibo cha plastiki au nailoni iliyokazwa kwa mpira ndiyo kinga. Dizeli iwe imemwagwa yote, isije ikalainisha katoni na kuharibu unga wa abiria mwingine. Na kwa hewa ya chumvi ya pwani hii, chuma kilicho wazi kipakwe mafuta kisha kivikwe nailoni. Gazeti lililogusana na chuma hunyonya unyevu na kuushikilia pale pale. Hilo ni kosa hata kama linaonekana nadhifu.

Mtihani mkubwa, kwa maoni yangu, ni silinda hedi. Ikiwa kemshafti bado imefungwa, kwa kawaida kuna valvu zilizobaki wazi, na katika hedi nyingi huchomoza kupita uso wa chini. Ukiilaza hedi hiyo juu ya ubao, uzito wake wote unaziangukia valvu, na valvu iliyopinda haizibi tena. Mjuzi huweka vipande viwili vya mbao miisho yote miwili ili uso uning'inie, ndipo aifunge isiteleze. Kuna hoja kwamba fundi atausawazisha uso huo mashineni, basi mkwaruzo una dhara gani? Dhara ni kwamba kila hedi ina kikomo cha kupunguzwa. Jeraha moja refu humlazimisha fundi kula chuma zaidi ya kile ambacho mpindo wa hedi wenyewe ungedai, na hedi ambayo ingehimili kusawazishwa tena siku za usoni hutupwa mapema.

Gharama nayo si kisingizio. Mpira wa ndani wa tairi, vipande vya godoro na magunia vipo kila gereji, na hufanya kazi kuliko utepe mwingi.

Mwisho, fungua utafute karatasi ndani ya nailoni, kwani maandishi ya nje hufutika njiani. Iwe na nambari ya simu, aina ya injini, na ugonjwa wenyewe: inatoa moshi mweusi ikipanda mlima, au haiwaki asubuhi. Iliyoandikwa jina la mwenye gari peke yake humlazimu fundi kuanza kwa kubahatisha.