Fani na Maudhui katika Habari za Bonde Lililoungua

Moto wa Holiday Farm ulianza tarehe 7 Septemba 2020 katika bonde la mto McKenzie, jimbo la Oregon, Marekani. Ukichochewa na upepo mkali wa mashariki, uliteketeza zaidi ya ekari 173,000 na kukiharibu vibaya kijiji cha Blue River. Wanafunzi wa uandishi wa habari wameliendea bonde hilo kwa picha, sauti, ramani na maandishi, wakisimulia jinsi linavyopata nafuu.

Fani hii ya midianuwai si ngeni kwa msomi wa fasihi simulizi. Fanani hakutegemea neno peke yake. Sauti, ishara za mwili na kimya vilibeba maana kwa pamoja. Kwa hiyo mhakiki hana budi kuuliza kila chombo kimepewa kazi gani.

Udhaifu wa kazi za aina hii hutokana mara nyingi na picha mbili zilizowekwa sambamba: jana mkaa, leo majani mabichi. Mtazamaji huridhika upesi. Katika Kiswahili, mgonjwa hupona, mti huchipua, nyumba hujengwa upya. Kiingereza huyakusanya yote hayo katika neno moja, na kamera hulifuata neno hilo. Ilhali nyakati zake hazilingani. Maua ya mwituni huweza kurudi baada ya msimu mmoja au miwili. Nyumba huweza kungoja bima na vibali kwa miaka. Msitu mkongwe huhitaji karne. Hata gogo lililoangukia mtoni, ambalo jicho huliona kuwa uharibifu, huwapa samaki wachanga wa samoni maficho. Hapo ndipo ramani na sauti ya mwenyeji zinapopaswa kuipinga picha. Zikiipamba tu, maudhui hudhoofika.

Tena, mji wa Eugene, kilipo Chuo Kikuu cha Oregon, hupata maji yake ya kunywa kutoka mto huohuo. Mwanafunzi wa hapo anayesimulia habari za bonde si mgeni. Ni mhusika katika kisa chake mwenyewe. Kazi inayolificha jambo hili huishia kwenye huruma. Inayolikiri hulazimika kuuliza ni nini kilichotiririka na majivu, na ni nani atakayeulinda mto kamera zikishaondoka.