Mnyang'anyi Apewe Sauti ya Nani?

Siku ya sikukuu ya shule wazazi wa Uvira hukusanyika uani kutazama watoto wakicheza mchezo. Sisi nasi tuliketi kwenye benchi katika shule moja ya msingi iliyo kando ya ziwa. Jina lake tunaliacha, maana hatukusudii kumwaibisha mtu, tena kosa tuliloliona linapatikana mahali pengi.

Mchezo ulikuwa mfano wa Msamaria mwema. Mwalimu alifanya jambo la akili: hakuwaacha watoto katika njia ya Yeriko. Njia yao ilikuwa ile ya bonde la Ruzizi, inayopita Sange na Luvungi mpaka Kamanyola, na msafiri alibeba kapu la ndagala. Kila mtu pale uani aliijua njia hiyo pamoja na hofu yake. Wanyang'anyi walipotoka nyuma ya mkeka uliotundikwa kuwa kichaka, mama mmoja karibu nasi alishika kifua. Tukasema moyoni: mwalimu huyu anajua kazi.

Lakini mambo mawili yaliuharibu mchezo. La kwanza, kuhani na Mlawi walisema maneno ya Kifaransa waliyoyakariri. Walisimama wima kama nguzo, wakiyafuata maneno kwa woga kama mtu avukaye mto juu ya gogo. Mmoja aliposahau neno moja, yote yakampotea. Mtoto huyo alifundishwa kukariri, hakufundishwa kuigiza. Kuigiza ni kumsikiliza mwenzako na kumjibu. Yeye hakumsikia aliyepigwa akilia miguuni pake, kwa kuwa alikuwa akitafuta maneno yake kichwani.

La pili ni zito zaidi. Wanyang'anyi hawakupewa maneno ya kukariri. Waliambiwa wachekeshe tu. Nao wakasema Kiswahili kwa matamko ya jirani zetu wa kabila fulani. Ua mzima ukacheka. Sisi pia tulicheka, tunakiri. Halafu tukawaona, kwenye benchi la nyuma, watoto wa kabila lile lile wakitazama chini. Basi mfano uliotolewa ili mtu anayedharauliwa aonekane kuwa ndiye jirani mwema, ukageuka kinyume chake. Katika nchi hii, ambayo watu wake wameuana na kukimbiana kwa ajili ya kabila tangu vita vilivyoanza mwaka 1996, kicheko cha namna hiyo si mchezo tena.

Wengine watasema: basi turudi kwenye kukariri, kila neno liandikwe, wala hakutakuwa na matusi. Hatukubali. Kukariri kuna faida yake, na Kifaransa kina saa yake. Lakini mchezo usioandikwa una heshima yake katika Kongo. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilijulikana sana kwa michezo yake ya Kiswahili. Mwaka 1986, walipotengeneza mchezo juu ya mamlaka, walianza na msemo, wakajadiliana maana yake, wakapatana juu ya matukio, kisha kila mchezaji akatafuta maneno yake katika mazoezi. Walikuwa na uhuru, lakini mazungumzo yalitangulia. Hayo ndiyo yaliyokosekana hapa.

Njia si ngumu, wala haihitaji fedha, hata katika madarasa yaliyojaa tangu masomo ya msingi yalipofanywa bure mwaka 2019. Kwanza, mwalimu asimulie hadithi, kisha watoto waisimulie wenyewe, kila mmoja kipande chake. Pili, waicheze bila neno, hata tukitazama miguu tu tujue nani ana haraka na nani ana huruma. Tatu, maneno yaje, kwa lugha ambayo mtoto huombea maji nyumbani. Wale waliokaa nao wana kazi: yeyote asiyesikia ainue mkono, na mchezaji apaze sauti bila kupiga kelele. Nne, na hili lisiachwe kamwe, wabadilishane. Aliyekuwa mnyang'anyi alale chini. Aliyepita kando awe ndiye mwenye punda.

Tulimwambia mwalimu mawazo haya. Hakukasirika; juma lililofuata alituita darasani. Yule mnyang'anyi aliyechekesha kuliko wote ndiye aliyelazwa chini. Mwenzake alipoanza tena matamko yale, yeye akainua kichwa, akasema, "Hapana. Ukisema hivyo nitajua umetoka wapi, na nitawachukia wote." Darasa likanyamaza. Mwalimu hakuongeza neno, na hapo alionyesha hekima. Alingoja, kisha akasema, "Basi tafuta sauti nyingine." Mtoto akafikiri, akaanza tena kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye njaa na woga. Hakuna aliyecheka. Sisi tuliogopa kuliko siku ile ya uani.

Kwa hukumu yetu, mchezo wa pili, uliochezwa bila mkeka wala kapu, uliupita ule wa kwanza mbali. Lakini haujaonyeshwa mbele ya wazazi. Tunamwomba mwalimu auonyeshe, na benchi la nyuma liwekwe mbele. Watoto wamekwisha kujifunza. Waliobaki ni sisi wakubwa tuliocheka.