Kalibu za Bristol

John Brown Herreshoff alikuwa mwunda mashua, na alikuwa kipofu. Alizaliwa mwaka 1841 mjini Bristol, katika jimbo dogo la Rhode Island nchini Marekani, akapoteza macho angali kijana, na mwaka 1863 alikuwa tayari anaunda vyombo na kuviuza. Akiletewa kielelezo cha mti, alikipitishia vidole kutoka omo hadi tezi mpaka chombo kizima kikamkaa kichwani. Inasimuliwa kwamba alipopapasa ubavu wa mashua kiwandani, kiganja chake kiligundua nundu ambayo wenye macho walikuwa wameipita. Kupatana bei na wateja ilikuwa kazi yake, na makadirio aliyafanya kwa kichwa.

Mdogo wake Nathanael alizaliwa 1848. Tangu utotoni walisafiri pamoja baharini, mdogo akiwa macho ya kaka yake. Baadaye Nathanael alisomea uhandisi katika chuo cha MIT, akafanya kazi mjini Providence katika kampuni ya Corliss iliyotengeneza injini za mvuke. Mwaka 1876 alishangaza mashindano ya New York kwa Amaryllis, mashua yake ya matumbo mawili, iliyoziacha nyuma mashua nyingine hata aina hiyo ikapigwa marufuku kushindana nazo. Miaka miwili baadaye ndugu hao wakaungana rasmi na kuanzisha Herreshoff Manufacturing Company. Mmoja alisimamia fedha na mbao, mwingine akabuni maumbo.

Siwezi kuusifu mji wa Bristol nikanyamazia jambo moja. Ukoo wa DeWolf wa mji huo ulifanya biashara ya watumwa kuliko ukoo mwingine wowote wa Marekani. Na lile jina la John Brown alilobeba kaka mkubwa lilikuwa la baba wa bibi yao mzaa baba, tajiri wa Providence aliyeshtakiwa mwaka 1797 kwa kuvunja sheria iliyokataza meli za Marekani kubeba watumwa kwenda kuuzwa ng'ambo. Msomaji wa Afrika ana haki ya kulijua hilo kabla hajaombwa kustaajabia uzuri wa mashua. Ninachokisifu hapa ni kazi ya mikono ya vitukuu na ya mafundi wao. Mali ya mababu ina hesabu yake nyingine.

Na kazi yenyewe ilianzia kwenye kisu. Mafundi wa Matondoni, kisiwani Lamu, huunda jahazi bila mchoro wa karatasi: mkuku hulazwa, fashini husimamishwa, na kuanzia hapo jicho la fundi ndilo linaloamua tumbo litanuke kiasi gani. Nathanael naye hakuanza na mchoro. Alichukua kipande cha msonobari akakichonga nusu ya chombo, kana kwamba mashua imepasuliwa katikati kwa urefu, akakipiga msasa na kukigeuza kwenye mwanga mpaka kila mstari ukakubalika. Kisha, kwa kifaa alichokitengeneza mwenyewe, alikipima sehemu kwa sehemu na kuziandika tarakimu katika kijitabu. Tarakimu hizo ndizo zilizokwenda kiwandani. Jicho la fundi wa Lamu huondoka naye siku anapoondoka, isipokuwa amemrithisha mwanafunzi. Lile la Nathanael lilibaki katika kijitabu, akaweza kulisoma mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Kutoka kwenye kijitabu, mafundi walitengeneza kalibu, na hapa ndipo kiwanda hiki kilipojitenga na vingine. Wengine waliweka kalibu chache tu, kisha wakakisia mataruma, yaani mbavu za chombo, yaliyo katikati. Bristol kila taruma lilikuwa na kalibu yake. Vijiti vya mwaloni mweupe vilitiwa ndani ya sanduku refu lililojaa mvuke mpaka mti ukalegea. Kisha kila kitu kilikuwa mbio: kijiti kilitolewa kikifuka moshi, kikakimbizwa kwenye kalibu, kikapindwa kwa nguvu ya mwili na kubanwa, yote hayo kabla hakijapoa, kwa sababu mwaloni ukishapoa haupindiki tena, huvunjika. Kalibu zikapangwa kichwa chini, omo mpaka tezi, na mashua ikaundwa imefunuka tumbo juu. Hivyo fundi alipigilia mbao akiinama juu ya kazi yake. Hakulazimika kulala chali chini ya chombo huku vumbi likimwingia machoni. Mbao zikiisha kukazwa kwa skrubu za bronzi, mashua iligeuzwa na kalibu zikarudi ghalani kusubiri mashua nyingine ya umbo lilelile.

Dunia iliwajua ndugu hawa kwa mambo makubwa zaidi. Kuanzia 1893 hadi 1920, Kombe la Amerika, la mashindano ya mashua za matanga, lilitetewa mara sita kwa mashua alizobuni Nathanael: Vigilant, Defender, Columbia mara mbili, Reliance na Resolute. Reliance ya mwaka 1903 ilikuwa na matanga ya mita za mraba zipatazo 1,500 juu ya mlingoti mmoja, na iliishinda Shamrock III, mashua ya mshindani Thomas Lipton, mara tatu mfululizo. Lakini majitu hayo ya mwanzo yalikuwa ya madini. Defender iliundwa kwa bronzi chini na alumini juu, na maji ya chumvi yakazigombanisha metali hizo mpaka chombo kikaliwa kikiwa majini. Kilivunjwa mwaka 1901, miaka sita tu baada ya kushuliwa. Reliance nayo ilivunjwa na kuuzwa chakavu mwaka 1913.

Mwaka uliofuata, 1914, Nathanael alibuni mashua ndogo ya mbao kwa ajili ya watoto wa Buzzards Bay, huko Massachusetts, ghuba yenye upepo mkali wa mchana na mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Waliiita Herreshoff 12½, kwa kuwa urefu wake kwenye usawa wa maji ni futi 12 na nusu. Mbao zake ni za mierezi juu ya mataruma ya mwaloni, na mkuku wake una risasi nzito inayoirudisha wima upepo ukiilaza. Mimi naiona ndiyo kazi kuu ya kiwanda kile, kuliko kombe lolote. Bwana aliyeijua bahari hata akawabunia matajiri vyombo vya mbio za dunia aliketi akafikiri jinsi mtoto atakavyorudi nyumbani salama, naye mtoto akapata mataruma yaliyopindwa kila moja kwenye kalibu yake.

Kiwanda chenyewe kilipita mikono mingi. John Brown alifariki mwaka 1915, kampuni ikauzwa, ikapigwa mnada mwaka 1924, ikanunuliwa na Rudolf Haffenreffer. Nathanael alifariki Juni 1938, na Septemba ya mwaka huohuo kimbunga kikubwa kikaharibu sehemu ya kiwanda. Vita vya Pili vya Dunia viliwapa mafundi kazi ya jeshi la majini; vilipokwisha, milango ikafungwa.

Mashua za mbao hazikufungwa pamoja nayo. Taruma likivunjika, hupikwa jingine kwa mvuke na kuwekwa mahali pake. Ubao ukioza hung'olewa, na ule wa jirani haubughudhiwi. Kwa njia hiyo 12½ kadhaa zimetimiza miaka mia moja zikiwa bado zinapigana na mawimbi ya ghuba ileile. Alerion, mashua aliyojiundia Nathanael mwenyewe mwaka 1912, imetunzwa katika jumba la makumbusho la Mystic, Connecticut. Vielelezo alivyovichonga viko Bristol katika makumbusho ya Herreshoff, yaliyoanzishwa mwaka 1971, na michoro ya kampuni imehifadhiwa MIT. Mafundi wa New England wanaendelea kuunda 12½ mpya kwa vipimo vya Nathanael, na watoto wanaendelea kujifunzia humo kushika usukani.